Titi, kopo la GOS/FOS au kopo la HMO: kipi kinamfaa kichanga wako?

Usiku wa manane mdogo wangu alinitumia picha mbili. Mtoto wake alikuwa na wiki tatu. Kopo la kwanza lilikuwa na herufi tatu kubwa za rangi ya dhahabu: HMO. La pili halikuwa na mbwembwe. Mpaka uligeuze nyuma ndipo unakuta, kwa maandishi ya kusoma huku umekunja jicho, "GOS/FOS". Yote ni majina ya sukari za kulisha bakteria wema wa utumboni. Chini ya picha aliandika maneno matatu: "Dada, nichukue lipi?"

Sikumjibu papo hapo. Nilimuuliza kwanza kama maziwa yamekatika. Akasema la, mtoto ananyonya mchana kutwa, ila usiku anaona hayamtoshi, na kila anayeingia kumpa pole ya uzazi anamwambia aongezee kopo. Basi makopo yalikuwa mawili lakini vya kulinganisha vikawa vitatu, na cha tatu alikuwa nacho kifuani. Haya ndiyo niliyomwandikia asubuhi yake, nimeyarefusha kidogo.

Sukari ambayo mtoto mwenyewe haili

Maziwa ya mama ukiyatoa maji, kinachobaki kwa wingi ni laktosi, karibu gramu 70 kwa lita, kisha mafuta. Cha tatu wengi wetu tungesema ni protini. Mara nyingi siyo. Ni kundi la sukari ziitwazo oligosakaridi, gramu 5 hadi 15 kwa lita katika maziwa yaliyokomaa. Katika dang'a, yale maziwa mazito ya njano ya siku za kwanza, hufika gramu 20 hadi 25. Hizo ndizo HMO: oligosakaridi za maziwa ya mama. Zimejengwa kwa vipande vitano tu (glukosi, galaktosi, fukosi, asidi ya siali na N-asetiliglukosamini), lakini vipande hivyo hupangwa na kuungwa kwa namna nyingi kiasi kwamba maumbo yaliyokwisha kutambuliwa yamezidi 150.

Ajabu ni kwamba mtoto hana vimeng'enya vya kuzivunja. Zinapita tumboni, zinapita utumbo mwembamba, zinaingia utumbo mpana karibu zote zikiwa nzima. Kiasi cha asilimia 1 tu ndicho kinachoponyoka na kuingia kwenye damu. Yaani mwili wa mama unatoa jasho kupika chakula ambacho mtoto wake hawezi kukila. Anayekila ni mpangaji, bakteria wa jamii ya bifidobakteria, na fundi wao mkuu ni Bifidobacterium infantis. Jenomu yake iliposomwa na kuchapishwa mwaka 2008 na kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, ilionekana amebeba fungu zima la jeni ambazo kazi yake ni kuzinasa sukari hizi, kuzivuta ndani ya seli na kuzikatakata humo humo. Ndugu yake, Bifidobacterium bifidum, hukatia nje, kwa hiyo makombo yanadondoka na wengine wanaokota. Infantis haachi kombo.

Mpangaji huyu analipa kodi. Anachotoa baada ya kula ni asidi asetiki na asidi laktiki, na asidi hizo huufanya utumbo mpana uwe mchachu, mahali ambapo bakteria wengi wa kuharisha hawastawi. Haya mambo hayahitaji maabara. Fungua nepi ya mtoto anayenyonya titi pekee: choo ni cha njano kama haradali, laini, kina chembechembe kama mbegu, na harufu yake ni ya uchachu tu, haikufukuzi. Fungua ya mtoto anayelishwa kopo lisilo na prebayotiki yoyote, yaani sukari za kulisha bakteria wema: kizito zaidi, rangi imekaribia kahawia, na harufu inaanza kufanana na ya mtu mzima. Mwaka 1900 Ernst Moro wa Austria na Henry Tissier wa Taasisi ya Pasteur huko Paris walikwisha kuona kuwa bakteria wa vyoo hivi viwili si wamoja. Ilibidi ipite nusu karne nyingine ndipo Paul György na Richard Kuhn wakaonyesha kwamba kinachowaalika bakteria hao ni sukari.

Kazi ya pili ya sukari hizi inanivutia zaidi kuliko ya kwanza. Vimelea vingi, kabla ya kukuumiza, lazima vijishikize kwanza kwenye ukuta wa utumbo, na vinachoshika ni vijimkono vya sukari vilivyochomoza kwenye ukuta huo. HMO nyingi zinafanana na vijimkono hivyo. Kimelea kinadandia sukari inayoelea kikidhani kimefika ukutani, kisha kinatoka nayo kwenye nepi. Mwaka 2004 watafiti waliowafuatilia akina mama 93 na watoto wao nchini Mexico waliripoti kwamba watoto walionyonya maziwa yenye 2'-FL kwa wingi, sukari mojawapo yenye fukosi, walipata kuhara kunakoletwa na bakteria aitwaye Campylobacter mara chache zaidi. Ishike akilini hiyo 2'-FL, maana ndiyo iliyoandikwa kwenye kopo la dhahabu.

Vikiwekwa ubavu kwa ubavu

| | Titi | Kopo la GOS/FOS | Kopo la HMO |
|---|---|---|---|
| Aina za sukari | zaidi ya 150 kwa jumla, kila mama na mchanganyiko wake | minyororo ya galaktosi, na ya fruktosi | moja (2'-FL), mbili, au tano na kidogo |
| Kiasi kwa lita | gramu 5–15. Dang'a 20–25 | hadi gramu 8 | 2'-FL hadi gramu 1.2 kwa ruhusa ya kwanza ya Umoja wa Ulaya |
| Fukosi na asidi ya siali | zipo zote mbili | hazipo | fukosi ipo. Asidi ya siali kwa baadhi ya makopo |
| Chanzo | mwili wa mama | laktosi ya ng'ombe. Mzizi wa chikori | bakteria wa kiwandani |

Ukiusoma mstari wa pili na wa tatu kwa pamoja utaona mchezo wote. Kopo la GOS/FOS limeiga wingi: gramu 8 kwa lita ni kiasi kinachokaa katikati kabisa ya maziwa ya mama, lakini sukari zenyewe hazimo katika maziwa hayo kwa kiasi cha kuzungumzia. Kopo la HMO limeiga sura: 2'-FL ya kiwandani ni ile ile ya kwenye titi, chembe kwa chembe, ila ni moja au tano badala ya umati, na kwa kawaida kwa kipimo kidogo. Moja limeleta watu wengi wasio wa ukoo. Jingine limeleta mwanaukoo wa kweli, lakini peke yake.

GOS/FOS: mkongwe asiye na makuu

GOS hutengenezwa kwa kuipa laktosi kimeng'enya kinachounganisha galaktosi moja baada ya nyingine mpaka zinakuwa mnyororo. FOS, minyororo ya fruktosi, hutoka mara nyingi kwenye inulini ya mzizi wa chikori. Mchanganyiko uliopimwa sana ni wa sehemu tisa za GOS kwa moja ya FOS ndefu, na umekuwa kwenye maziwa ya watoto Ulaya tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Una zaidi ya miongo miwili ya kutazamwa, na hilo si jambo dogo kwa kitu anachopewa kichanga kila siku.

Mchanganyiko huo unafanya nini? Bifidobakteria wanaongezeka, pH ya choo inashuka (yaani kinazidi uchachu), na choo kinakuwa laini, kikielekea kile cha mtoto wa titi. Kwa mtoto wa kopo anayejikamua hadi uso unakuwa mwekundu huku akitoa vigololi vigumu, hiyo ni nafuu anayoiona mzazi wiki hiyo hiyo. Kuhusu pumu ya ngozi kulikuwa na tafiti za mwanzo zilizoleta matumaini makubwa kwa watoto wa familia zenye mzio. Zilizofuata hazikurudia matokeo hayo kwa uhakika, kwa hiyo usilinunue kwa sababu hiyo.

Mapungufu yake ni mawili. GOS haina fukosi wala asidi ya siali, hivyo ile kazi ya kuwa chambo cha vimelea usiitarajie kwa namna ya maziwa ya mama. Pia si chakula cha kuchagua sana. Bifidobakteria wa kila aina wanaila, hata wale waliozoea utumbo wa watu wazima, na bakteria wengine wasio bifido nao wanajimegea. HMO ni mlango wenye kufuli. GOS ni mlango uliorudishwa tu.

HMO: jina kubwa, hesabu ndogo

Nianze na kosa ninalolisikia mara kwa mara: watu wanadhani HMO za kwenye kopo zimekamuliwa kwa akina mama. Hapana. Hutengenezwa kwa uchachushaji, kwenye matangi, na bakteria, mara nyingi E. koli wa maabara aliyebadilishwa jeni, ambaye analishwa laktosi na kuitolea 2'-FL. Kisha sukari husafishwa, bakteria wanaondolewa, kinachobaki ni unga mweupe. Hakuna la kutisha hapo, na molekuli inayopatikana ni sawa na ya mama. Makopo ya kwanza yenye 2'-FL yaliingia sokoni Marekani mwaka 2016, na mwaka huo huo Umoja wa Ulaya ukaanza kuiruhusu. Siku hizi yapo yenye mseto wa tano: 2'-FL, 3-FL, LNT, 3'-SL na 6'-SL. Hizo mbili za mwisho ndizo zenye asidi ya siali.

Je, zinasaidia? Ushahidi upo, ila upime kwa mizani. Utafiti wa mwaka 2017 uliofanyika Italia na Ubelgiji uliwahusisha watoto 175, baadhi wakipewa kopo lenye gramu 1 ya 2'-FL na nusu gramu ya LNnT, HMO nyingine, kwa lita. Lengo lake kuu lilikuwa kuona kama wanakua vizuri, na walikua. Pembeni ya hilo, wazazi wa watoto wa HMO waliripoti mkamba mara chache zaidi na antibayotiki chache zaidi katika mwaka wa kwanza. Inatia moyo. Lakini matokeo ya pembeni, yaliyosimuliwa na wazazi, katika kundi dogo, chini ya ufadhili wa mtengenezaji, ni sababu ya kufanya utafiti mwingine mkubwa. Si sababu ya kuandika herufi za dhahabu. Mwaka mmoja kabla, utafiti mwingine ulionyesha kwamba watoto wa kopo lenye 2'-FL walikuwa na viashiria vya uvimbe kwenye damu vilivyokaribia vya watoto wa titi. Hapo napo kuna tanbihi ambayo matangazo huiruka: makopo yote yaliyolinganishwa, hata lile lisilo na 2'-FL, yalikuwa na GOS ndani yake.

Kuna jambo jingine linalochekesha kidogo. Uwezo wa kutengeneza 2'-FL unategemea jeni iitwayo FUT2, na katika jamii nyingi karibu mama mmoja kati ya watano hana nakala inayofanya kazi. Maziwa yake yana 2'-FL kidogo sana au hayana kabisa, huku sukari nyingine zikijaza nafasi, na watoto wake wanakua kama wengine. Kwa hiyo kopo linalojinadi kuwa "karibu zaidi na maziwa ya mama" kwa sababu ya 2'-FL linaweza kuwa linamwiga mama wa jirani, siyo wewe. Na ukitaka kujua kama wewe ni miongoni mwa hao, sioni faida: hakuna utakachobadilisha, kwani jeni ndizo mwamuzi mkuu wa sukari hizi, si uji wala supu.

Na kopo lisilo na GOS, FOS wala HMO? Ni maziwa halali ya mtoto mchanga. Mtoto atakua. Choo kitakuwa kigumu kidogo na bifidobakteria wachache. Ikiwa hilo ndilo unaloweza kulinunua bila kukatika hadi mtoto afikishe miezi 12, ni bora mara kumi kuliko la dhahabu unalolinyoosha kwa kuongeza maji kijiko kikipungua. Maziwa yaliyozimuliwa yanamdhoofisha mtoto kwa namna ambayo hakuna sukari ya utumbo itakayoirekebisha.

Matone ya bakteria yanaingia wapi?

Swali la haki. Ikiwa sukari ni chakula, mlaji lazima awepo. Wapo watoto wanaonyonya vizuri kabisa lakini hawana infantis, kwa sababu ya antibayotiki, kwa kuzaliwa kwa upasuaji, au kwa sababu bakteria huyo amekuwa adimu katika jamii zao. Uchambuzi mmoja uliokusanya vipimo vya choo cha watoto wa titi tangu miaka ya 1920 katika nchi zenye uwezo uliona pH ikipanda kutoka karibu 5.0 hadi 6.5. Sukari ile ile inafika utumboni, mlaji hayupo, nyingine inaishia kwenye nepi bila kuliwa.

Hapo ndipo matone ya probayotiki, yaani bakteria wema walio hai, yana mantiki. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, watoto wa titi waliopewa infantis kwa siku 21 waliendelea kuwa naye wiki kadhaa baada ya matone kusimamishwa, kwa sababu titi lilikuwa linamlisha. Mwaka huo huo, katika vijiji vya Odisha nchini India, vichanga zaidi ya 4,500 walipewa kwa siku saba ama Lactobacillus plantarum pamoja na FOS, ama kitu bandia cha kulinganishia. Maambukizi makali ya damu pamoja na vifo vilishuka kutoka asilimia 9 hadi 5.4. Angalia kwamba walipewa mbegu na mbolea kwa pamoja, na kwamba matokeo ya bakteria mmoja huwezi kuyahamishia kwa mwingine kisa wote wameandikwa "probayotiki".

Kwa mtoto njiti usijaribu peke yako. Oktoba 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya njiti aliyepewa probayotiki kupata maambukizi ya damu kutokana na bakteria huyo huyo na kufariki. Kwa njiti uamuzi ni wa daktari wa watoto.

Kuna mgongano mmoja wa jikoni ambao makopo hayausemi kwa sauti. Maziwa ya unga si tasa. Yanaweza kuwa na Cronobacter, kimelea hatari kwa vichanga, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linaelekeza yakorogwe kwa maji yasiyopungua nyuzi 70, yaani maji yaliyochemka yakaachwa kwa muda usiozidi nusu saa. Joto hilo linaua Cronobacter. Linaua pia bakteria wema walioongezwa kwenye unga. Sukari, GOS na HMO, hazidhuriki. Kwa hiyo kopo linalouza probayotiki hai ndani ya unga, kisha linakuambia ukoroge kwa maji ya vuguvugu ili usiwaue, linakutaka uchague kati ya faida yao na usalama wa mtoto. Mimi ningechagua maji ya moto, na kama matone yanahitajika, ningeyanunua pembeni na kuyatia kinywani.

Maziwa ya mama mwingine

Kwa njiti ambaye mama yake bado hajapata maziwa, maziwa yaliyochangwa kwenye benki ya maziwa yanatangulia kopo lolote. Hupashwa moto nyuzi 62.5 kwa dakika 30. Kinga kiasi fulani hupotea, bakteria hai hufa, lakini HMO zinabaki karibu kama zilivyokuwa. Hata ukikamua yako ukayagandisha, sukari hizi hazidhuriki. Kasoro ni kwamba wachangiaji wengi wamekwisha kunyonyesha miezi kadhaa, na HMO kwa jumla hupungua kadiri miezi inavyokwenda, kwa hiyo njiti anapata maziwa ya mtoto mkubwa. Dang'a ya mama yake mwenyewe, hata matone machache kwenye bomba la sindano, hayana mbadala.

Ukiwa umeshika kopo mkononi

Usisome mbele, soma nyuma. Orodha ya viambato hupangwa kuanzia kilichomo kwa wingi. Tafuta kwanza kabohaidreti kuu. Ikiwa ni laktosi, vizuri, hiyo ndiyo sukari ya titi pia. Usiikimbie kwa sababu tu mtu mzima fulani nyumbani maziwa yanamsumbua tumbo. Ukiona sukrosi au fruktosi kwenye kopo la mtoto mchanga, lirudishe: kanuni za Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, zinataka ziepukwe pasipokuwa na sababu. Kisha tafuta kiasi cha GOS, FOS au 2'-FL kwenye jedwali la virutubishi. Neno "prebayotiki" bila tarakimu ni salamu tu.

Makopo mawili yakilingana kwa yote hayo na moja lina GOS/FOS gramu 8 kwa lita, jingine lina 2'-FL pekee, kwa mtoto aliyezaliwa kwa siku zake mwenye choo kigumu ningechukua la GOS/FOS. Lenye zote mbili, GOS na HMO, ni chaguo zuri kama mfuko haulalamiki. Mseto wa HMO tano kwa kipimo kinachoonekana naupa nafasi kubwa zaidi kadiri tafiti zinavyokuja; wa moja peke yake sioni haki ya kuulipia ziada. Kopo namba 3, la mtoto aliyepita mwaka mmoja, lenye HMO kwa herufi kubwa? Acha hapo hapo dukani. Mtoto huyo anakula chakula cha nyumbani, na baada ya mwaka maziwa ya kawaida yanamtosha.

Mtoto mwenye mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe, au mwenye galaktosemia (ugonjwa wa kurithi ambao mwili hauwezi kuitumia galaktosi), hayumo kabisa katika ulinganisho huu. Galaktosemia humzuia hata titi, na GOS ni galaktosi iliyofungwa mnyororo. Hapo kopo huchaguliwa na daktari.

Wale wa nusu kwa nusu

Wengi wanaouliza "lipi?" ndio hawa. Kuongeza kopo kunabadilisha bakteria wa utumbo, ni kweli, lakini hakufuti kilichomo kwenye titi. Mtoto anayenyonya robo tatu lita kwa siku anapata kati ya gramu 4 na 11 za HMO. Ukikata nusu, bado anapata aina zote, ila nusu. Kopo la 2'-FL peke yake, hata ukimpa lita nzima, halimfikishi hapo. Kwa hiyo ukichanganya, uzito wa herufi za kwenye kopo unapungua: sukari za kweli zinatoka kwako. Tanguliza titi, kopo lifuate. Na kuanza uji hakuwafukuzi wapangaji kama watu wanavyodhani. Utafiti wa watoto 98 nchini Uswidi, uliochapishwa mwaka 2015, uliona kwamba kinachogeuza utumbo wa mtoto uelekee wa mtu mzima ni hasa kuacha kunyonya, kuliko kuanza kula.

Nikarudi kwa mdogo wangu. Nepi ngapi za mkojo kwa siku? Saba, nane. Basi maziwa yanatosha. Wiki ya tatu watoto wengi hutaka titi kila saa, na usiku ndipo homoni ya kutengeneza maziwa hupanda. Ukilaza titi usiku na kumpa chupa, unaliambia lipunguze. Akanunua mto mrefu wa kuegemea, akajifunza kunyonyesha akiwa amelala ubavu, na makopo yakabaki picha.

Mwezi wa nne alirudi kazini na maziwa aliyokuwa akikamua hayakutosha mchana. Akachukua lile lisilo na mbwembwe, la GOS/FOS, chupa mbili mchana, titi alfajiri na usiku. Siku ya tatu choo cha mtoto kikaanza kukoza rangi. Akanitumia picha. "Dada, hii ni kawaida?" Ilikuwa kawaida. Nilikuwa mezani nakunywa chai.